Linki safi kwenye hudi ndo iliyonishtua

Juzi nilikuwa juu ya ngazi jikoni kwa mteja, nimetoa filta ya pili ya hudi, ile kofia ya kunyonya moshi juu ya majiko, nikamulika tochi ndani nikakuta linki ya joto, kile kipande kinachoamsha mtambo wa kuzima moto, inang'aa kama imetoka dukani. Ungedhani ni jambo jema. Mi nilishtuka, maana filta zile zingine zilikuwa na mafuta mazito na mdomo wa dakti, bomba la kutolea moshi nje, umeshika utando mweusi, sasa hii linki imekaa humo miezi yote inabakije safi? Jibu ni moja tu, hewa ya moto haipiti pale.

Nikamuuliza mpishi mkuu. Akaniambia zamani majiko ya kukaangia yalikuwa chini ya hapo hapo, walipofanya ukarabati yakahamishiwa upande wa pili, mabomba ya gesi yakavutwa upya, meza zikapangwa upya, ila kule juu hakuna aliyegusa kitu. Kwa hiyo linki ilikuwa inalinda meza ya kukatia, na nozo za kupulizia dawa ya kuzima moto nazo zinaelekea meza hiyo hiyo!

Kwa asiyejua, linki ni vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa lehemu (mchanganyiko wa metali) inayoyeyuka kwenye joto fulani, vimeshika waya uliovutwa kwa nguvu hadi kwenye boksi la mtambo. Joto likifika lehemu inaachia, waya unalegea, dawa inamwagika na gesi ya jiko inakatwa. Hakuna umeme hapo. Ni kitu rahisi na ndo maana nakipenda, lakini hakina akili, kinajua joto la pale kilipo tu, nusu mita pembeni moto unaweza kuwa unaunguruma na chenyewe kimetulia.

Ndo maana mahali ni kila kitu. Hewa ya jiko inapanda, inanyonywa na filta iliyo juu yake, afu inakunja kona kuelekea mdomo wa dakti. Haiendi kutembea kwenye pembe za hudi. Kwa hiyo mi naanza na mdomo wa dakti, kila mdomo uwe na linki yake katikati ya njia ya hewa, maana chochote kinachowaka chini lazima kipitie hapo, halafu ndo nashuka, kila jiko linalolindwa liwe na linki juu yake kabisa. Na uangalie hewa safi inaingilia wapi. Siku hizi hudi nyingi zina tundu la kupuliza hewa ya nje ndani, ukiweka linki mbele yake inapozwa muda wote na siku ya moto itachelewa, na kuchelewa ndo balaa lenyewe, mafuta ya kupikia yakifika nyuzi 360 na kitu za Selsiasi yanawaka yenyewe bila cheche wala mwali kuyagusa.

Halafu kuna hili la namba. Mafundi wengine wanabeba linki za aina moja mfukoni wanafunga popote, jamani hapana. Zipo za nyuzi 74, zipo za 141, 182, 232 mpaka 260. Inabidi upime kwanza joto la pale linki itakapokaa wakati jiko limechemka kweli, saa ya wateja wengi, si asubuhi kukiwa kumepoa, ndo uchague iliyo juu ya hapo. Ukiweka ya chini mno dawa itamwagika mchana kweupe kwenye vyakula vya watu, na nikwambie ukweli, mwenye jiko akishamwagikiwa mara moja atamtafuta mtu amfungie waya moja kwa moja mtambo usifanye kazi tena. Nimeshakuta hiyo, waya umefungwa kwa koleo. Iliniuma sana.

Kuna wanaouliza kwanini tusiweke sensa ya moshi tu. Ndani ya hudi moshi na mvuke ndo maisha ya kila siku, italia mpaka izimwe. Hata ile inayopima kasi ya joto kupanda siiamini pale, fungua tu mlango wa oveni uone.

Na utando wa mafuta kwenye linki ni blanketi, unachelewesha joto, ukiingia kwenye puli, vigurudumu vinavyopitisha waya, waya unaganda kabisa. Ndo maana kanuni za NFPA, shirika la Marekani la viwango vya kuzuia moto, zinataka linki hizi zibadilishwe angalau kila miezi 6. Kubadilisha, si kufuta na kitambaa.

Kwa yule mteja tulishinda siku nzima. Tukahamisha linki na nozo juu ya majiko ya kukaangia, mdomo wa dakti ukapata linki yake maana haukuwa nayo kabisa, tukatoa mtungi mdogo unaosukuma dawa ili tusimwage, nikamwita mpishi mkuu aje aone, nikakata linki ya majaribio. Valvu ya gesi ikajifunga kwa kishindo, feni ya hewa safi ikazima, ya kunyonya moshi ikabaki inazunguka kama inavyotakiwa. Mpishi akaenda kuwasha jiko mwenyewe kuhakikisha, halikuwaka.