Jezi namba 4

Novemba mwaka jana niliagwa. Timu ya netiboli ya wizara yetu ilinifanyia hafla ndogo kantini, pale Mtumba: keki, soda, doti ya khanga, na picha kubwa ya fremu nikiwa nimenyanyua mpira kulenga goli. Nililia mbele ya watu. Nilisema goti la kulia limechoka, miaka 11 inatosha, sasa jioni nataka kuwa nyumbani na wanangu. Kila neno lilitoka moyoni.

Julai hii nikampigia kocha simu, nikamwambia nataka kurudi.

Asiyecheza anaweza kuona huu ni ukigeugeu. Lakini mwili nao una maneno yake, na hausemi yale yale mwaka mzima. Oktoba, baada ya SHIMIWI, yale mashindano ya wizara na idara za serikali, nilikuwa nashuka ngazi za ofisini nikiwa nimeshika ukuta. Usiku baba watoto alikuwa ananifunga barafu gotini kwa kitambaa cha jikoni. Ukiulizwa wakati huo kama utacheza tena, utajibu hapana na utaapa. Kisha unapumzika. Mvua zinanyesha, zinakatika, zabibu zinavunwa, goti linapoa. Ikifika Julai, na ule upepo wetu wa baridi unaopasua midomo, unaamka saa kumi na moja alfajiri ukiwa mwepesi, na maumivu ya Oktoba huyakumbuki hata ukiyatafuta.

Kocha hakunijibu palepale. Alisema, "Dada, njoo mazoezini kwanza, halafu Ijumaa tuongee. Majina natakiwa kuyapeleka wiki ijayo." Sauti yake niliielewa. Nafasi yangu alikuwa ameshampa mtu.

Jumanne nikaenda. Nilifika uwanjani saa kumi na robo nikiamini nitakuwa wa kwanza, nikamkuta yeye. Mdogo wangu huyu (hatuna undugu wa damu, ndivyo ninavyomwita tangu aajiriwe) alikuwa peke yake kwenye goli la upande wa upepo, na mipira mitatu. Anarusha, anaokota, anarudi, anarusha. Hakuwa ameniona. Upepo wa Dodoma jioni huusukuma mpira kushoto, naye alikuwa anasimama hatua nzima kulia kwa pete ili upepo wenyewe umrudishie. Mimi ujanja huo nilichukua miaka minne kuupata, na sikumbuki kumfundisha.

Aliponiona alikuja mbio akanipokea begi. "Shikamoo dada." Tukakaa kwenye ile benchi ya zege kufunga viatu, ndipo akaiona jezi yangu ya kijani iliyopauka. "Dada, hii 4 ni ya nani?"

Nikamsimulia.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha nne, shule ya bweni, hapa hapa Dodoma. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa Mmarekani wa kujitolea, kijana mrefu kutoka Wisconsin, aliyejifunza mpaka kutusalimia "Mbukwenyi" kama mtu wa Chamwino. Alikuwa na mpira mmoja wa futiboli yao ya Kimarekani, mrefu kama papai, na siku ya somo la mwendo wa vitu vinavyorushwa alitutoa nje, akaurusha juu ya mti wa mlangoni, ukapinda angani na kutua mikononi mwa msichana aliyekuwa amesimama mbali kabisa kwenye vumbi. Tukapiga kelele. Akatuambia kwao kuna mtu kazi yake ndiyo hiyo, na timu yake ni Green Bay Packers, ya mji wa watu wapatao laki moja tu, ambako mashabiki wenyewe ndio wenye hisa.

Mtu huyo wanamwita kwotabeki. Timu ikianza kushambulia, mpira unaanzia mikononi mwake, naye ndiye anayeamua ampe au amrushie nani. Uwanjani anakuwa mmoja tu. Mabeki unaweza kuwabadilisha, wakimbiaji unaweza kuwapokezanisha, lakini kwotabeki habadilishwi ovyo, ndiyo maana wa pili anaweza kukaa miaka akiwa mzima wa afya na asicheze.

Wa kwanza wa Green Bay wakati huo alikuwa Brett Favre, jezi namba 4. Mwalimu alimsimulia kama bibi anavyosimulia habari za mababu. Kwamba alianza Septemba 1992, siku ambayo aliyekuwa namba moja, Don Majkowski, aliumia kifundo cha mguu, na tangu mechi iliyofuata hakukosa kuanza hata moja. Kwamba alichukua ubingwa Januari 1997. Kwamba Desemba 2003 baba yake alifariki, na kesho yake usiku akaingia uwanjani Oakland akarusha pasi nne za mabao, timu ikashinda 41 kwa 7. Hapo darasa zima tulikaa kimya.

Kisha Machi 2008 mwalimu akaingia darasani bila chaki. Favre amestaafu. Januari walikuwa wamefungwa na New York Giants kwao nyumbani, 23 kwa 20 katika muda wa nyongeza, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na pasi ya mwisho ya Favre ilinaswa na mpinzani. Machi akakaa mbele ya waandishi wa habari akalia. Mwalimu wetu naye alikaribia kulia, akasema leo hatusomi.

Julai Favre akataka kurudi. Klabu ilikuwa imeshaamua kwamba namba moja ni Aaron Rodgers, kijana waliyemchagua 2005. Kukawa na mvutano mkubwa, na Agosti 7 wakamhamishia New York Jets. Mwisho wa mwaka mwalimu alipokuwa anagawa vitu vyake ili aondoke, mimi nikaomba jezi. Nimeifanyia mazoezi mpaka maandishi ya mgongoni yamefutika, imebaki namba.

Mdogo wangu alisikiliza yote huku anazungusha mpira magotini. Kisha akauliza, bila ubaya wowote: "Na yule Rodgers, miaka yote hiyo mitatu, alikuwa anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka 17 nimeibeba hadithi ya Favre hadi alama za mechi, na huyo mwingine nilimjua kwa sentensi moja: alikuwepo, anasubiri.

Usiku ule watoto walipolala nikakaa na simu. Rodgers siku ya kuchaguliwa, ambapo timu za ligi huchagua wachezaji wapya kwa zamu, alitarajiwa kuitwa mapema, akaketi mbele ya kamera huku timu moja baada ya nyingine inamruka, hadi nafasi ya 24. Misimu mitatu nyuma ya Favre alirusha pasi 59 tu katika mechi za ligi. Wa pili kati ya misimu hiyo ulimalizika kwake na mguu uliovunjika. Novemba 2007, Dallas, Favre aliumia kiwiko, Rodgers akaingia timu ikiwa nyuma sana, akakamilisha pasi 18 kati ya 26, na ingawa walishindwa, kila aliyetazama aliona mtu aliyekuwa amefanya kazi muda wote ambao hakuna aliyekuwa anamtazama. Halafu kiangazi cha 2008, kwenye mazoezi ya wazi uwanjani kwao, sehemu ya mashabiki wakamzomea. Alikuwa amekosa nini? Kuwepo. Alikuwa amesimama mahali alipoambiwa asimame.

Hapo nikafunga simu, nikaenda kabatini kutoa daftari la matokeo. Mimi ndiye niliyekuwa naliandika. Mdogo wangu ana misimu miwili kwetu. Nikahesabu kwa kidole: robo tano. Robo moja ni dakika 15. Kwa hiyo katika misimu miwili amecheza dakika 75, na robo nne kati ya hizo tulikuwa tumeshashinda au tumeshafungwa. Iliyobaki ni siku goti langu lilipojaa maji, nikatolewa mwanzoni mwa robo ya nne. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: marusho 11, magoli 9. Mechi hiyo naikumbuka vizuri, goti naliona mpaka leo, mfuko wa barafu, daktari wa timu anavyoniminya. Yale magoli tisa siyakumbuki hata moja. Nilikuwa nimeinamia goti.

Na kuna jambo lingine ambalo daftari halina. Mimi mwenyewe nafasi ya GS, yaani mfungaji, niliipataje? Dada aliyenitangulia alienda likizo ya uzazi. Aliporudi, mwepesi, na hamu yake yote, nafasi ilikuwa yangu. Alikaa benchi mashindano mawili kisha akaacha kuja. Favre alijua habari ya Majkowski kuliko mtu yeyote, na naamini ndiyo maana alicheza na kidole kilichovunjika, akacheza na msiba, mechi 297 mfululizo za ligi. Aliyeingia kwa mlango ule anaulinda mlango ule. Miaka 11 nilijiita mvumilivu kwa kucheza na maumivu. Sehemu yake ilikuwa uvumilivu, sehemu yake ilikuwa woga wa kumpa mtu dakika moja.

Kwa Favre kutaka kurudi sina lawama, na sitaruhusu mtu amcheke. Alicheza mwaka mmoja New York, akastaafu tena, Agosti 2009 akajiunga na Minnesota Vikings, wapinzani wa jadi wa Green Bay, na akiwa na miaka 40 akacheza msimu mzuri kuliko mingi ya ujanani: pasi 33 za mabao, zilizonaswa 7 tu. Alikuwa bado anaweza. Mwezi wa nane mwaka uliofuata wachezaji wenzake watatu walipanda ndege hadi kwake Mississippi kumfuata. Nani angekataa? Ninachokilaumu ni ile miezi ya katikati, kutoka Machi hadi Agosti, ambayo kwake ilikuwa ya kuupima moyo wake, na kwa mwenzake ilikuwa kuambiwa nafasi ni yako, kisha kusikia redioni kwamba labda si yako. Machozi yalikuwa ya kweli na hamu ilikuwa ya kweli, lakini gharama yake alilipa mtu wa tatu.

Rodgers alilipa, akachukua ubingwa Februari 2011. Naye akazeeka hapo hapo. Mwaka 2020 Green Bay wakamchagua Jordan Love, akasubiri misimu mitatu vile vile, huku kila mwaka ikiulizwa kama Rodgers anabaki au anaondoka, hadi 2023 alipokwenda, tena New York Jets. Hiki ndicho kilichoniondoa usingizi. Hata aliyezomewa kwa kusubiri alisahau, au hakuweza.

Alhamisi nilimtafuta mdogo wangu kabla ya kocha. Nilimkuta kwenye foleni ya chakula, nikamvuta pembeni karibu na sinki za kunawia. Nikamwambia kwamba kocha ataniuliza kesho, na jibu langu ni kwamba GS ni yeye. Mimi nikihitajika nitaandikwa wa pili, nisipohitajika nitabeba maji. Nikamwambia pia kwamba sitabadilisha neno hili Agosti, wala akikosa magoli mechi ya kwanza.

Aliniangalia kwa muda. Nilitegemea shukrani, na ni kweli, niseme tu, niliitamani. Akasema, "Dada, mazoezini hakuna mtu mrefu wa kunikaba. Wote wananiachia. Kesho uje mapema, ukae GK, mlinzi wa goli, na usinionee huruma."

Ijumaa saa kumi na robo upepo ulikuwa mkali, vumbi linapita uwanjani kama moshi. Nikasimama mbele yake umbali ule wa sheria, sentimita 90, nikanyoosha mikono yote miwili mpaka bega likalia. Kwa miaka 11 nimekuwa nikiitazama mikono ya wengine kutoka upande ule. Upande huu mtu anaonekana tofauti. Una sekunde tatu za kumwona usoni kabla mpira haujatoka. Wa kwanza nikaugusa kwa ncha ya kidole, ukatoka nje. Wa pili ukapiga pete ukarudi, nikaudaka. Akaufuata mikononi mwangu bila kusema kitu, akarudi mahali pake, akasogea hatua moja kulia.