Tawi halipati kanzidata ya ofisini: pa kuanzia

Kanzidata iko kwenye seva Kariakoo, tawi liko Mbagala, na asubuhi programu ya stoo inagoma kuunganika. Wengi hukimbilia kuzima na kuwasha ruta. Iache kwanza. Soma namba ya kosa, maana ndiyo inayokuambia njia imekatikia wapi.

Kwa MySQL, programu inayoendesha kanzidata, kosa 2003 huja na namba nyingine pembeni. Ukiona 10060 kwenye Windows, au 110 kwenye Linux, ombi limekwenda na halikujibiwa mpaka muda ukaisha: limemezwa na fayawoli (ukuta wa kinga wa mtandao) au anwani ya IP si yenyewe. Ukiona 10061 au 111, kuna mashine iliyojibu na kukataa. Mara nyingi huduma ya MySQL imezimika au inasikiliza ndani tu. Kosa 1045 au 1130 ni habari tofauti kabisa. Mtandao ni mzima, kasoro iko kwenye nywila au ruhusa. Mtumiaji aliyesajiliwa kwa localhost, yaani seva yenyewe, peke yake hawezi kuingia kutoka Mbagala hata nywila iwe sahihi.

Baada ya hapo kagua kutoka ndani kwenda nje. Kwenye seva ya Linux andika ss -tlnp. Ukikuta 127.0.0.1:3306 (3306 ni poti, yaani mlango wa mtandao, wa MySQL), seva inapokea maombi yake yenyewe tu. Rekebisha bind-address kwenye faili ya mipangilio kisha uwashe huduma upya. PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, inadai mambo mawili, listen_addresses na mstari wa ruhusa katika pg_hba.conf, na huo wa pili ndio unaosahaulika. Kisha jaribu kwa kompyuta nyingine ya ofisi hiyohiyo, ndani ya PowerShell ya Windows: Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 3306, ukiweka IP ya seva yako. Usitegemee ping, amri ya kuuliza kama mashine ipo hewani. Inaweza kujibu huku poti imefungwa, na inaweza kunyamaza huku poti iko wazi.

Ndani ikikubali na nje ikikataa, tazama aina ya intaneti. Ofisi nyingi za Dar hutumia ruta ya laini ya simu. Fungua ukurasa wa ruta, usome IP yake ya nje, uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukagua IP. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo kufungua poti kwenye ruta ni kazi bure, hata ukeshe.

Na hata kama ungeweza, nakusihi usiifungue 3306 kwa dunia nzima. Roboti hupekua anwani za intaneti usiku na mchana, na kubadili namba ya poti hakuifichi seva. Ndani mna majina na simu za wateja, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka uzilinde. Kodi seva ndogo yenye IP ya kudumu, weka WireGuard (programu inayojenga handaki la siri kupitia intaneti) kwenye poti 51820 ya UDP, kisha Kariakoo na Mbagala wote waipigie hiyo. Kwa kuwa kila upande unaanzisha safari kutoka ndani, tatizo la anwani ya pamoja halipo tena. Weka PersistentKeepalive 25 pande zote mbili, la sivyo njia hufungwa ukikaa kimya.

Seva hiyo ikodi hapahapa Dar ukiweza. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ya nchi iliyumba. Ukiwa umeegemea seva ya Ulaya, matawi mawili ya mji mmoja yanaweza kushindwa kuunganika siku kama hiyo.

Faili la Microsoft Access, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja, lililowekwa kwenye folda ya pamoja ni jambo jingine. Usilifungue kupitia handaki hili: muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Hamishia majedwali MySQL, fomu zibaki Access kupitia ODBC, kiunganishi cha programu na kanzidata.

Ikiunganika lakini inajikokota, hesabu maswali ambayo programu inaiuliza kanzidata kabla ya kununua bando kubwa. Programu inayouliza bidhaa mojamoja mara 500, kila jibu likichukua milisekunde 80, inakula sekunde 40. Mwambie mtengenezaji aunganishe majedwali ndani ya swali moja.