Siku niliyokandika nyumba ya mabua Nebraska

Mi nimekulia Pangani kwenye nyumba ya udongo, ile ya nguzo na fito, sasa jamaa wa kazini aliponiambia anajenga nyumba kwa marobota ya mabua ya ngano huko magharibi ya Nebraska, Marekani, nikajua ananitania. Nikaenda kuona. Kuta zimeshasimama, unene karibu nusu mita, marobota yamepandishwa kwa kupishana viungo na kuchomekwa mianzi yasiyumbe, msingi wa zege umeinuliwa juu kabisa maana adui wa nyumba hii ni maji. Watu wanaogopa moto bure, robota lililobanwa na kukandikwa halina nafasi ya hewa, linaungua kwa taabu sana. Ila maji yakiingia linaoza kwa ndani na we huoni kitu.

Na wala si mambo mapya kule. Eneo la huko linaloitwa Sandhills ni mchanga na nyasi tu, miti ya kujengea hamna, kwa hiyo mashine za kufunga marobota zilipofika mwishoni mwa karne ya 19 watu wakajenga kwa walichokuwa nacho. Pale Arthur kuna kanisa la marobota la mwaka 1928, bado lipo. Inasimuliwa pia kulikuwa na shule karibu na Bayard, haikupigwa plasta, ng'ombe wakaila!

Basi siku ile ilikuwa ya kukandika. Wenzangu wote walikuwa watu wa kozi, yaani wamelipa hela waje kukanyaga udongo pekupeku juu ya turubai. Mwalimu, mama mmoja mkali kiasi, alikuwa ametia udongo na maji kwenye chupa akatikisa akaacha utulie, anasoma mchanga umekaa wapi na mfinyanzi wapi. Mi nikachota donge, nikalisokota kiganjani likawa jembamba, nikalikunja, halikupasuka hata kidogo. Nikamwambia huu una mnato mno, ukikauka utapasuka wote, ongeza mchanga. Akaangalia chupa yake, akaniangalia mimi, akaongeza mchanga. Kuanzia hapo nikawa fundi bana, kila mtu ananiletea ndoo yake nishike.

Kitu ambacho kwetu sikukijua ni ule mkono wa kwanza: hawarushi udongo mzito moja kwa moja, wanaanza na uji mwepesi wa udongo wanausugua mpaka uingie kwenye mabua, ndo mzito ufuate na ushike. Nimeukubali sana.

Jioni radi ikaanza, wingu jeusi linakuja mbio, tukaacha kila kitu tukakimbilia maturubai, wengine juu ya ngazi wengine wanavuta kamba, kelele tupu. Ilipokata mwenye nyumba akawa anachomeka kile kipimo cha sindano ndefu robota moja moja, anataka unyevu usifike asilimia 20. Haukufika popote, akacheka peke yake.

Usiku nikampigia mama, kwao alfajiri. Kwanza akauliza nimelipwa shilingi ngapi. Nikamwambia sijalipwa mama, wenzangu ndo wamelipa. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kama unazo nguvu za kukandika bure, jiko langu kuku wamelichimba upande mzima." Kesho yake nikatuma hela ya fundi.