Safari ya Lord Howe, kumfuata mdudu wa padri

Kutoka Sydney hadi kisiwa cha Lord Howe ni mwendo wa saa mbili hivi kwa ndege ndogo ya pangaboi. Wageni hawaruhusiwi kuzidi 400 kwa wakati mmoja, kwa hiyo nafasi ni za kugombania. Wengi huenda kuogelea. Mimi nilifuata mdudu.

Aliyemtambulisha kwa wanasayansi ni Xavier Montrouzier, padri wa shirika la Wamarist, mzaliwa wa Montpellier, Ufaransa. Alitumwa Pasifiki kuhubiri, akakaa kisiwa cha Woodlark, kisha New Caledonia hadi alipofariki mwaka 1897. Mikono yake haikutulia: wadudu, konokono, mimea, vyote alikusanya na kuviandika. Mwaka 1855 akamweleza mdudu-kijiti wa Lord Howe, mnene, asiye na mabawa, mwenye urefu wa hadi sentimita 15. Wavuvi wa kisiwani wao walimjua kwa kazi moja tu: chambo.

Mwaka 1918 meli Makambo ilipanda mwamba hapa, panya wakashuka pwani. Haikupita miaka mingi, mdudu akahesabiwa kuwa ametoweka duniani.

Tulipanda boti kuelekea Ball's Pyramid, jabali la baharini kilomita 23 hivi kutoka Lord Howe. Bahari ilikuwa imechafuka, na jirani yangu alianza kutapika hata kabla hatujaacha kisiwa nyuma. Kisha jabali likajitokeza mbele yetu, zaidi ya mita 550 kwenda juu, jembamba kama wembe uliosimamishwa majini. Hakuna ufuko, hakuna gati. Ni mawimbi yanayopiga jiwe na ndege wanaopiga kelele. Nahodha alinyoosha kidole kwenye vichaka vichache vilivyong'ang'ania ukingoni. Huko, mwaka 2001, watafiti walipanda usiku na tochi, wakakuta wadudu 24 chini ya kichaka kimoja.

Mwaka 2003 zilichukuliwa jozi mbili, moja ikapelekwa bustani ya wanyama ya Melbourne, na uzao wake umefika maelfu. Bado wengine walitia shaka, kwa kuwa wa jabalini hawafanani sana na wale waliokauka makumbusho. Vinasaba vilimaliza ubishi mwaka 2017: ni yule yule wa padri.

Mwaka 2019 panya wa Lord Howe walitegewa sumu kisiwa kizima. Nahodha ana hakika mdudu atarudi kwao. Nami namwamini, ila wavuvi watafute chambo kingine.