Ramani ilisema S1, bamdogo akacheka

Kamwene wadau. Mwezi wa nane nilikua Kilolo kwa bamdogo, kanunua ekari tatu anataka kupanda parachichi, na mimi si ndo mtu wa kompyuta wa ukoo, nikamwambia tulia kwanza nikupimie kitaalamu kama shamba linafaa.

Nikafungua QGIS (programu ya kuchora ramani, ya bure hiyo), nikaanza kudaunilodi data, bando likaishia hapo. Mwinuko nilitoa SRTM, data ile iliyopimwa na chombo cha anga za juu cha Marekani Februari 2000, mteremko unaupata humohumo, pH ya udongo (uchachu wake) nikachukua SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia nzima, mvua nikatoa CHIRPS, data ya mvua ya satelaiti na vituo. Kila leya (tabaka moja la ramani) unaipa maksi na uzito wake, mi mteremko niliupa uzito mkubwa, unajumlisha unapata madaraja yale ya FAO (shirika la chakula na kilimo la UN) ya 1976, S1 inafaa sana, S2 wastani, S3 kwa kubanabana, N haifai. La bamdogo likatoka kijani tupu, S1 lote. Nikajiona profesa.

Kesho yake shambani bamdogo akavaa miwani, akaangalia simu, akaangalia bonde, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, pale chini si kinyungu? Masika maji yanasimama, parachichi litaoza mizizi." Kinyungu ni bustani ya bondeni penye unyevu, inalimwa kiangazi. Akapiga jembe, akainua bonge la tope jeusi linachuruzika maji, na hapo ni kiangazi! "Hii kompyuta yako imewahi kukanyaga hapa?"

Usiku nikapiga hesabu vizuri. Pikseli moja (kile kijiraba kimoja cha ramani) ya SoilGrids ni mita 250 kwa 250, yaani hekta 6.25, kama ekari 15, shamba zima la bamdogo linaenea humo na majirani juu. Mvua ndo kabisa, pikseli moja karibu kilomita 5. Ila aibu yenyewe ni yangu, kinyungu kwa vile kiko tambarare ndo kilipata maksi nyingi kuliko juu kote, yani nilikipa zawadi kwa sababu ileile inayofanya maji yasimame.

Basi tumeanza upya. Tumezunguka na GPS ya simu, yeye anaonyesha maji yanapofika masika, mi naweka pointi, na udongo tumechota mifuko mitatu ukapimwe pH maabara. Parachichi juu, chini anabaki na kabichi na maharage yake ya kiangazi. Kwenye ramani mpya pale chini nilikua nimeandika N, kagoma, anataka paandikwe kinyungu.