Alisema amepona

Leo siku ya nne, na bado namsikia Mama pale kwenye benchi, nje ya chumba cha mahakama: "Namshukuru Mungu, mwanangu, nimepona." Naosha vyombo, namsikia. Nafunga hesabu kazini, namsikia. Usiku ndiyo usiseme.

Mnajua Alhamisi ile tuliingoja vipi. Mama ndiye alikuwa apande kizimbani kutoa ushahidi kwenye kesi yetu ya kudai fidia ya mguu wake ulioumizwa na gari, na daktari baada yake. Daktari aliyemfunga vyuma mwaka 2022 alishahamishiwa Dodoma. Alipanda basi Jumatano alfajiri, akalala kwa Mama Mkubwa, na asubuhi akafika kabla yetu na bahasha yake ya picha za eksirei.

Mama naye alitaka aingie nadhifu. Alivaa baibui jipya, akajitanda mtandio wa rangi ya zambarau, na mkongojo akauacha nyuma ya mlango. Nikamwambia, Mama, uchukue. Akasema hasimami mbele ya hakimu kama mtu aliyekuja kuomba. Kwenye ngazi za mahakama alinishika bega mpaka kucha zikaniingia, lakini nani aliona? Ukumbi ulikuwa bado mtupu.

Ndipo akaja yule wakili kijana wa upande wa pili, afisa wa bima yuko pembeni yake. Akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mguu unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, mwanangu, nimepona."

"Naona. Leo hata mkongojo hatuuoni."

"Aa, nimeuacha nyumbani."

Akatabasamu, akamgeukia mwenzake, wakatazamana. Basi, hayo tu. Mimi nimesimama hatua mbili kutoka hapo, kopo la stakabadhi kifuani, na mdomo wangu haukufunguka. Ningeweza kusema, "Hawezi kuchutama, kaka yangu. Anaswali ameketi kwenye kiti." Ningeweza kusema alivyopanda zile ngazi. Maneno yote hayo nimeyapata sasa, nikiwa jikoni peke yangu.

Mbele ya hakimu hatukumaliza dakika kumi. Kijana akaeleza kwamba yeye amesimama kwa niaba ya mkubwa wake, ambaye yuko Mahakama Kuu kwenye shauri jingine, na barua ya kuomba ahirisho ipo. Wakili wetu akapinga: hii ni mara ya pili, na shahidi ametoka mbali. Hakimu alimsikiliza, na sitamsingizia, aliandika kuwa hilo ni ahirisho la mwisho kwa upande wao, na kwamba nauli na gharama za daktari watalipa wao. Lakini tarehe ndiyo hiyo. Likizo ya mahakama inaanza tarehe 15 Desemba mpaka 31 Januari, kwa hiyo shauri limekwenda tarehe 24 Februari, Ramadhani tukiwa ndani yake. "Mashahidi mnaonywa kufika siku hiyo bila wito mwingine." Daktari akaiweka bahasha yake kwapani, akampa Mama mkono, akaelekea stendi.

Sisi tulikimbizwa na ile miaka mitatu ya sheria kama watu wanaowahi meli. Dereva alikuwa amekiri kosa kwenye kesi ya polisi, akalipa faini, tukadhani yamekwisha. Mpaka tulipoelezwa kwamba fidia ina mlango wake, na mlango huo hufungwa miaka mitatu ikipita. Wenzetu wanapata miezi karibu mitatu kwa barua ya ukurasa mmoja.

Nje nilimweleza wakili wetu yaliyosemwa pale kwenye benchi. Akakunja uso. Yule kijana mwenyewe hawezi kuacha uwakili akageuka shahidi, alisema, ila afisa wa bima alisikia, na kwenye maswali ya dodoso, yale ambayo upande wa pili humwuliza shahidi, wanaweza kumwuliza Mama: je, uliwahi kutamka kwamba umepona? Na Mama akishaapa hatadanganya. Atasema ndiyo.

Nyumbani nikafungua kopo. Hasara za gharama lazima zithibitishwe kwa karatasi, moja moja, na karatasi zetu nyingi ni zile za mashine, zinazochapwa bila wino. Zinafifia. Ile ya vyuma vya mguu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ukiishika chini ya taa unaona tarehe na tarakimu mbili za mwanzo, zilizobaki ni kivuli cha kijivu. Nilizitoa nakala mwaka juzi, mnakumbuka, lakini nakala haina uzito wa karatasi yenyewe, na yenyewe inaondoka polepole humo humo kwenye kopo tukisubiri tarehe.

Jumamosi ndugu wa mchumba wake Kitinda walileta posa ikapokelewa, na kazini barua yangu ya kuthibitishwa imetoka. Alhamdulillahi kwa yote mawili. Lakini hata wageni walipokuwa wakila pilau, mimi nilikuwa kwenye benchi.

Jana usiku nilikuwa namkanda Mama mguu kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Muundi wake una kovu refu lililovutwa kama mshono wa gunia, na chini ya ngozi, karibu na kifundo, kidole kinakutana na kichwa cha skrubu. Ukipita hapo anavuta pumzi. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, kwa nini ulimwambia yule kijana umepona?"

Alinyamaza. Nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema, "Kaniamkia. Nimjibu nini, naumwa? Mtu akikuamkia unamrudishia heri."

"Lakini hujapona, Mama."

"Sijapona?" Akaniangalia usoni. "Tulikuwa wawili pale kituoni."

Mkono wangu ulisimama juu ya goti lake. Kwa siku nne nilikuwa nimesahau. Siku ya ajali, yule mama wa vitumbua alikuwa ameketi upande uliokuwa karibu na barabara. Mama alikuwa ameinama kuokota chenji yake. Mwenzake alizikwa siku ya pili, na watoto wake hadi leo huja kwetu sikukuu. Mama akisema amepona, huyo ndiye anayemfikiria. Mimi mwanawe nilisikia neno lile lile alilolisikia afisa wa bima.

Nimeandika yote haya kwenye karatasi nimpelekee wakili wetu, neno kwa neno, salamu na jibu lake. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hakimu wetu anaendesha shauri kwa Kiswahili. Huyo naye ana mama, na anajua mtu aliyenusurika anavyoitikia akiulizwa hali. Wakimwuliza Mama kama alisema amepona, aseme ndiyo, kisha wakili wetu amwombe aeleze alipona kutoka wapi. Hapo akiwa na mkongojo mkononi. Hilo amekubali, ila anataka ununuliwe mpira mpya wa chini, wa zamani umelika upande mmoja. Nitaununua kesho nikitoka kazini.

Usiku nimelala vizuri kidogo. Asubuhi ikaja bili ya maji, karibu mara tatu ya mwezi uliopita. Jioni hii nimefunga koki zote, za ndani na ya uani, nimepapasa mabomba yote, hakuna palipolowa. Sasa hivi nimetoka na tochi kwenda kuitazama mita. Bado inazunguka.