Mtembea kambani

Jana binti yangu alikwama kwenye kazi ya shule, kwenye neno la Kifaransa funambule. "Mama, huyu ni nani?" Nikamwambia ni mtu anayetembea juu ya kamba, naye akaendelea kuandika. Mimi mawazo yalishanipeleka Trocadéro, Paris, tarehe 18 Septemba 2021.

Shangazi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bukavu, nikampeleka aone Mnara wa Eiffel. Tukakuta watu wamefurika, wote wanatazama juu. Nathan Paulin, Mfaransa mtembea kambani, alikuwa ametoka mnarani juu ya mkanda, anavuka mto Seine kuelekea ukumbi wa Chaillot: karibu mita 600, kimo cha mita 70 hivi. Miguu mitupu, wala hakushika fimbo ya kujisawazishia. Mikono yake ndiyo ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu. Ule mkanda mwembamba ulipotea machoni, ukabaki kumwona mtu yuko hewani.

Halafu akakaa. Kisha akalala chali, huko huko juu. Shangazi akanibana kiganja mpaka pete ikaniuma. "Mwanangu, amezidiwa? Mbona hawamsaidii?" Nikamweleza kwamba amefungwa kamba ya usalama, hakunisikia, midomo yake ilikuwa inasali. Nami nilikuwa nimemkazia macho yule kijana kifuani, nikitafuta kuona kama anapumua, kana kwamba kwa umbali ule ningeweza. Aliponyanyuka, shangazi alishusha pumzi, akaniachia mkono.

Alifika salama. Tukarudi nyumbani kwa metro.

Usiku shangazi akauliza watu kama yule huku wanaitwaje. Nikafungua kamusi. Neno limetoka Kilatini: funis ni kamba, ambulare ni kutembea. Kimo hakimo, woga haumo. Nikamsimulia pia habari ya Terentius, mtunzi wa tamthilia aliyetokea Afrika Kaskazini: mwaka 165 K.K. huko Roma onyesho lake lilivurugika kwa sababu akili za watu zilikuwa kwa mtembea kambani.

"Hata mimi ningekwenda huko," akasema shangazi. Akafikiri kidogo. "Lakini pale alipolala, alikuwa anatembea?"

Nikamjibu ndiyo, maana safari ilikuwa haijaisha. Akakataa katakata. Kwake kutembea si kitu, hata mtoto atajifunza. Kazi ilikuwa kulala pale na kuamka tena, na hilo Warumi hawakulipa jina. Hadi leo tukiongea kwenye simu tunabishana, na kila mara ananipunguzia hoja.